Tujifunze Kuomba Faili Mahakamani, na Tujue Faili la Nani

Muhula uliopita, siku ya chai na mandazi, mwenzetu mmoja alikuja na mjomba wake. Mzee huyo ni mtu wa Barawa. Alipita Mombasa miaka mingi kabla ya kufika hapa Columbus, na Kiswahili chake ni Chimwini kilichochanganyika na cha Mombasa. Tulimwamkia, akatuitikia, nusu yetu tukaelewa na nusu tukatabasamu tu. Tulidhani amekuja kutusimulia habari za kwao, kama wazee wengine tuliowahi kuwaalika. Alipomaliza chai alitoa bahasha mfukoni mwa koti akaiweka mezani katikati ya sahani. “Nyinyi ndio wasomi,” alisema. “Nisomeeni, mimi nimefanya nini?”

Barua ilisema ombi lake la kupanga nyumba limekataliwa. Sababu: ana feloni katika kaunti ya Franklin, jimbo la Ohio, yaani hapa hapa. Mzee hajawahi kukamatwa maishani mwake. Aliwahi kupigwa faini mara moja kwa kuegesha gari mahali pabaya, na tena anadai gari lilikuwa la mwanawe.

Tunaandika makala hii kwa sababu siku ile hapakuwa hata mmoja wetu aliyejua la kufanya. Tulikuwa kumi na wawili mezani, tumezaliwa au tumekulia nchi hii, Kiingereza chetu hakina dosari, na Kiswahili chetu walimu wanakikosoa kila Jumanne. Tukabaki tunaangaliana. Maoni yetu ni kwamba aibu ile isirudiwe. Chama chetu kinapaswa kujua namna ya kutafuta na kuomba kumbukumbu za kesi za jinai katika mahakama za kaunti, kama kinavyojua kuandaa usiku wa taarab. Tunajua wapo wenzetu wasiokubali, na tutafika kwao.

Kwanza tuseme tulivyojifunza, maana jambo lenyewe si gumu kama tulivyoogopa.

Ohio, kesi za feloni za watu wazima huamuliwa na mahakama iitwayo Common Pleas, na kila kaunti ina yake. Anayetunza mafaili si jaji wala polisi. Ni karani wa mahakama, afisa anayechaguliwa kwa kura. Tovuti ya karani wa Franklin ina mahali pa kutafuta kesi kwa jina au kwa namba, bila malipo. Unaandika jina la ukoo na jina la kwanza, inakuletea orodha. Hapo ndipo shida ya watu wetu inapoanzia. Majina matatu ya mzee huyu ni yale ambayo ukiyaita mbele ya msikiti Ijumaa watageuka watu kumi. Mohamed ameandikwa kwa namna nne, jina la babu limegeuzwa la ukoo, la baba limegeuzwa la katikati, na wakati mwingine kinyume chake. Wenzetu wa Kongo nao wana shida hiyo: jina la Kifaransa mbele katika karatasi moja, nyuma katika nyingine. Kwa hiyo ukitafuta, tafuta kwa kila namna ambayo jina limewahi kuandikwa katika karatasi za mtu, kuanzia zile za kambini.

Halafu kuna tarehe ya kuzaliwa. Sote tunajua mzaha wa nyumbani kwamba wakimbizi wote walizaliwa usiku mmoja. Mtu asiye na cheti cha kuzaliwa aliandikiwa tarehe 1 Januari, yakaisha. Ni mzaha mpaka kampuni inayochunguza wapangaji ipeleke jina na tarehe kwenye kompyuta. Jina linafanana, siku na mwezi vinafanana, wanaona huyu ndiye. Ndivyo ilivyokuwa kwa mzee. Mtu mwenye kesi alikuwa na jina lake la kwanza na la mwisho, na alizaliwa tarehe 1 Januari kama yeye, ila mwaka mwingine kabisa.

Kitu cha pili kilichotuchanganya ni namba. Feloni nyingi hapa huanzia Mahakama ya Manispaa, ambako hupewa namba yenye herufi CRA. Makosa madogo hupewa CRB. Baadaye suala likipelekwa mbele ya baraza la wananchi linaloamua kama kuna sababu ya kushtaki, na baraza likikubali, kesi inafunguliwa upya katika Common Pleas kwa namba nyingine yenye herufi CR. Tukio ni moja, namba ni mbili. Mara nyingi ile ya kwanza huandikwa kwamba imefutwa. Mtu anasoma “imefutwa”, anashukuru Mungu, anaitupa karatasi, kumbe kesi imehamia jengo la pili barabara ile ile ya South High. Na ikiwa haijahamia bado, mwendesha mashtaka bado ana muda. Kwa feloni nyingi za Ohio muda huo ni miaka 6. Kwa hiyo tafuta mahakama zote mbili kabla ya kusema lolote kwa mama wa mtu.

Ukishapata namba, unaona orodha ya kila hatua ya kesi kwa tarehe: lini alifikishwa, lini alipata wakili, lini alikiri, lini alihukumiwa. Orodha hiyo ni muhtasari tu, haitoshi kumshawishi mwenye nyumba wala afisa wa uhamiaji. Unachohitaji ni karatasi zenyewe, na hasa mbili: hati ya mashtaka, inayosema mtu alituhumiwa nini, na hati ya hukumu, inayosema kesi iliishaje. Unaomba nakala kwa karani, kwa kwenda mwenyewe au kwa kuandika. Nakala ya kawaida inatosha kwa kusoma. Kama karatasi inakwenda ofisi nyingine, omba nakala iliyothibitishwa, yenye muhuri na saini ya karani, ambayo ada yake ni kubwa kidogo. Kanuni za Mahakama Kuu ya Ohio zinasema kumbukumbu za mahakama huhesabiwa kuwa wazi kwa umma mpaka pawepo sababu ya kuzifunga. Sisi tulikwenda wanne, tumevaa kama watu wanaokwenda posa, tumejiandaa kujieleza. Mama wa dirishani aliuliza namba ya kesi na kurasa ngapi. Basi. Hakuuliza sisi ni nani wala tunataka nini.

Wenye jamaa majimbo mengine wajue kwamba jina la mahakama hubadilika lakini mantiki ni hiyo hiyo. Texas ni mahakama ya wilaya na karani wake. California inaitwa Superior Court. New York feloni husikilizwa katika Supreme Court au County Court, na hiyo Supreme Court licha ya jina lake si mahakama ya juu ya jimbo. Kesi za serikali kuu hazimo kabisa katika kaunti. Ziko katika mfumo uitwao PACER, senti 10 kwa ukurasa. Kesi za watoto ni mlango mwingine, na kwa kawaida umefungwa.

Sasa turudi kwa mzee. Hati ya mashtaka tuliyoipata ilikuwa ya mwaka 2017, wizi, feloni ya daraja la 5, ambalo ndilo la chini kabisa. Kwa wizi, Ohio huvuka kutoka kosa dogo kwenda feloni thamani ikifika dola 1,000. Maelezo ya mshtakiwa yalisema ana futi sita na inchi mbili. Mzee wetu akisimama karibu na jokofu hafikii kofia aliyoiweka juu yake. Mpwa wake alicheka mpaka machozi yakamtoka pale pale kwenye ukumbi wa mahakama.

Lakini hati ya hukumu ndiyo iliyotunyamazisha. Yule mtu mrefu naye hakutiwa hatiani kwa feloni. Kabla ya hukumu shtaka lilipunguzwa, akakiri wizi wa kosa dogo, akawekwa chini ya uangalizi wa mahakama, akaumaliza. Kesi ilibaki na namba yake ya CR kwa sababu ilifunguliwa kama feloni, na kampuni ya uchunguzi haikusoma zaidi ya hapo. Ripoti ilikosea mara mbili: ilimpa mzee kesi isiyo yake, na ikampa mwenye kesi kosa lisilo lake.

Hapa ndipo tunapowaomba walimu wetu watusikilize, kwa sababu nusu ya shida hii ni ya lugha. Nyumbani tunasema “fulani ana kesi”, tumemaliza. Maneno hayo mawili yanamjumuisha aliyetuhumiwa, aliyefutiwa, aliyekiri na aliyefungwa miaka kumi. Kiswahili kina maneno ya kutenganisha: kutuhumiwa, kushtakiwa, kutiwa hatiani, kuachiwa huru, kuhukumiwa. Ni mazuri, na hatuyatumii. Tumeona fomu moja ya maombi ya kazi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na swali la kama mtu amewahi kutiwa hatiani kwa feloni limeandikwa hivi: “Je, umewahi kufanya kosa la jinai?” Kosa la jinai ni kila kosa la jinai, kubwa na dogo. Na kufanya si kutiwa hatiani. Mtu mwaminifu akijibu swali hilo kwa uaminifu anajiandikia kosa ambalo hakuulizwa. Sisi tunapendelea kuandika “feloni” na kuieleza, kwa sababu hata “kosa kubwa la jinai” humfanya msomaji afikirie kipimo cha kwao. Sheria za Kenya na Tanzania huhesabu feloni kuanzia kifungo cha miaka 3. Ohio feloni ya daraja la 5 inaweza kuwa kifungo cha miezi 6.

Neno lingine lilitutia aibu sisi wenyewe. Tulimwambia mzee kwamba baadhi ya mafaili hufungwa. Akashtuka, “Nani amefungwa?” Tangu siku hiyo tunasema faili limetiwa lakiri. Lakiri ni neno la zamani la nta ya kufungia barua, mwalimu wetu alitupa, na halimwogopeshi mtu.

Wapo wanachama wanaosema haya yote si kazi ya chama cha Kiswahili. Chama ni cha lugha, ushairi, chakula, filamu. Mambo ya mahakama wayafanye mawakili. Tunawaelewa, na katika jambo moja wana haki: sisi si mawakili, na hatuwezi kumwambia mtu akiri au asikiri, ajaze fomu gani au asijaze. Kumsaidia mtu kupata karatasi yake na kumsomea tarehe iliyomo ni jambo jingine. Anayebaki na swali baada ya hapo tunampeleka Legal Aid. Lakini tuulizane, Kiswahili chetu ni cha nini? Tunasema kila mwaka katika hotuba ya ufunguzi kwamba tunakijifunza ili tuzungumze na wazee wetu. Mzee amekuja kuzungumza, na alichotaka kuzungumza ni barua ya mwenye nyumba.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na hatujalimaliza.

Wazazi wetu wamezoea utaratibu mwingine. Kenya ukitafuta kazi unakwenda mwenyewe kuchukua alama za vidole na kuomba cheti cha tabia njema, unakibeba mkononi. Wewe ndiye unayejileta. Hapa watu wanakutafuta nyuma yako, na yeyote anaweza: mwenye nyumba, jirani, mkwe. Tulipotangaza kwamba tumejifunza kutafuta mafaili, maombi matano ya mwanzo yaliyotufikia hayakuwa ya watu waliotaka faili lao. Shangazi mmoja alitaka tumwangalizie kijana anayemposa binti yake. Mwingine alitaka kujua kuhusu mwenzake wa mchezo wa pesa. Mmoja alitutajia jina la imamu, na tukajifanya simu imekatika.

Sheria inaruhusu. Faili liko wazi kwa shangazi kama lilivyo wazi kwetu. Tulibishana usiku mzima. Mwenzetu mmoja, wa kike, alisema kwa ukali kwamba mama ana haki ya kujua kama mtu anayemwoa mwanawe aliwahi kumpiga mke, na kwamba heshima tunayoililia mara nyingi imewalinda wanaume. Hatukuwa na jibu la kumshinda, na bado hatuna. Tulichoafikiana ni kidogo: chama kitamsaidia mtu kupata faili lake mwenyewe, au la mzazi wake aliyempa idhini. Anayetaka la mtu mwingine, tovuti iko pale, aitafute kwa mkono wake na abebe mwenyewe atakachokiona. Kama kuna anayeogopa kupigwa, hilo halingoji faili, na tutampeleka kwa wanaoweza kumsaidia usiku huo huo.

Tulifika hapo kwa sababu ya yule mtu mrefu. Tulipokuwa tunasoma hati ya hukumu, mmoja wetu alisoma anwani, akanyamaza, akaifunika karatasi kwa mkono. Alimjua. Watoto wa mtu huyo wanacheza mpira na wadogo zetu. Tulikuwa tumekwenda kumwokoa mzee mmoja na tukarudi na siri ya mwingine, kwa ada ndogo, bila mtu kutuuliza sababu. Kwa wiki mbili tulikuwa tukikutana naye na kushindwa kumtazama usoni, yeye ambaye hajui tunajua. Sheria haikuwa na la kusema kuhusu hilo.

Lakini pia alikuwa na haki ya kujua kwamba kampuni inauza habari ya feloni ambayo hakutiwa hatiani nayo. Kukaa kimya nako kulikuwa kumwibia. Sisi hatukuthubutu. Mzee ndiye aliyekwenda kwake baada ya sala ya Ijumaa, akamshika mkono, akamwambia, “Mimi na wewe tuna faili moja, na mimi ndiye mfupi.” Hatukuwapo, tumesimuliwa. Wote wawili wameisoma makala hii kabla yenu, na tumebadilisha mambo kadhaa kwa ombi lao.

Kilichofuata kinatuhusu sote ambao wazazi wetu bado hawajapata uraia. Sheria ya mwaka 1970 iitwayo Fair Credit Reporting Act inampa aliyekataliwa kwa sababu ya ripoti haki ya kuambiwa jina la kampuni iliyoitoa, kupata nakala ya ripoti bure akiiomba ndani ya siku 60, na kuipinga, na kampuni kwa kawaida ina siku 30 za kuchunguza. Mzee alipinga, akaambatisha nakala yenye muhuri. Bwana mrefu alipinga na yeye.

Zaidi ya hapo, bwana huyo alikuwa akitaka faili lake litiwe lakiri. Ohio inaruhusu kuomba hivyo kwa makosa madogo mengi na kwa feloni nyingi za madaraja ya chini mwaka 1 baada ya kumaliza adhabu, na jaji ndiye anayeamua. Kumbe alikuwa pia anaandaa ombi la uraia. Wakili wa uhamiaji alimwambia jambo ambalo tungependa kila nyumba ilijue: chukua nakala zilizothibitishwa za hati zako zote KABLA faili halijatiwa lakiri. Uhamiaji wanauliza hata kesi zilizotiwa lakiri na wanataka karatasi. Ukishalifunga, kuzipata ni kazi nyingine. Na jambo la pili, baya zaidi: Ohio kuna mpango ambapo mtu anakiri, anapewa matibabu na uangalizi, kisha kesi inafutwa. Kwa jimbo hajatiwa hatiani. Kwa uhamiaji, kule kukiri pamoja na masharti aliyowekewa kwa kawaida kunatosha kuhesabiwa kuwa ametiwa hatiani. Jaji wa Ohio anatakiwa kumwonya asiye raia kabla hajakiri, na onyo hilo hutolewa kwa Kiingereza na mkalimani akiwa pembeni. Ukiomba kumbukumbu za maneno yaliyosemwa siku hiyo, kwa kawaida utapata Kiingereza peke yake. Kiswahili kilichosemwa na mkalimani hakimo. Kama alisema “ukikiri itakuathiri” au alisema “sema ndiyo tumalize”, hakuna karatasi inayojua. Wanachama wanaofikiria kuwa wakalimani, na mpo, lifikirieni hilo.

Tumeanza kukutana Alhamisi jioni, watu wawili wawili, katika chumba cha maktaba chenye printa. Tunaomba walimu watupe saa moja ya muhula ujao kwa msamiati wa mahakama, na mmoja wao ameshakubali. Mtu akija na barua, alete na kila karatasi yenye jina lake lilivyoandikwa.

Kampuni ilimjibu mzee siku ya 26. Kesi imeondolewa katika ripoti yake. Nyumba ile ilikuwa imeshapangishwa kwa mtu mwingine, na bado anaishi kwa mwanawe, vyumba viwili, watu saba. Barua ameiweka katika mfuko wa plastiki ndani ya gari, pamoja na nakala yenye muhuri ya kesi isiyo yake, na anasema hatazitoa humo mpaka apate ufunguo.